Skuta Haiwaki: Anza Hapa Kabla Hujafungua Kabureta

Swali ni lile lile: "Skuta yangu jana ilikuwa nzima, leo haiwaki, nifanyeje?" Na kabla mwenyewe hajaeleza hata inatoa mlio gani, ameshaambiwa asafishe kabureta. Kabureta inafunguliwa, skrubu zinalika vichwa, gasketi inachanika, na mwisho wa yote inaonekana kilichokatika ni fyuzi ya bei ya soda.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: moto wa plagi, mafuta yaliyochanganyika vizuri na hewa, na kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kubana mchanganyiko huo. Kimojawapo kikikosekana, haiwaki. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana, na hilo lina mpangilio wake: unaanza na kinachokaguliwa kwa macho na masikio, unamalizia na kinachohitaji kufungua injini. Ukiruka hatua utarudi nyuma tu, tena ukiwa umechoka.

Mwongozo huu ni wa skuta zisizo na gia, za cc 110 hadi 150, zenye kabureta na injini ya mipigo minne, yaani ile ambayo oili yake huwekwa peke yake bila kuchanganywa na petroli. Ndizo zilizojaa Unguja, ambako wengi wetu tunaziita vespa hata kama ni Honda au za Kichina. Mwenye Vespa ya gia ana sehemu yake huko chini, na wa skuta ya injekta, yaani inayopuliziwa mafuta kwa pampu ya umeme badala ya kabureta, nitamtaja pale anapohusika.

Vitu vya kuwa navyo

- Spana ya plagi. Plagi ndogo za skuta hizi nyingi hutaka ya milimita 16.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, zenye ncha nzima. Bisibisi iliyochakaa ndiyo inayoharibu skrubu.
- Plaizi yenye mikono ya plastiki.
- Mita ya kupimia umeme. Hata ile ya bei ndogo kabisa inatosha.
- Plagi mpya ya namba sahihi. Injini nyingi za GY6, aina iliyo kwenye skuta nyingi za Kichina, hutumia NGK CR7HSA, au ya Kichina iliyoandikwa A7RTC. Soma namba iliyo kwenye plagi yako kabla ya kwenda dukani.
- Fyuzi za akiba zenye ampia zilezile.
- Chupa kavu inayopitisha mwanga, bomba la sindano kutoka duka la dawa, kitambaa, brashi ya waya na tochi.

Fanyia kazi nje au penye hewa. Usivute sigara, usiwe karibu na jiko, na usitumie mwanga wa simu iliyochomekwa kwenye chaja yenye waya uliochunika. Weka skuta kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa juu. Ni lazima, kwa sababu skuta ya otomatiki ikiwaka huku mkono wa mafuta umevutwa inaondoka, na watu wameumia hivyo.

Hatua kwa hatua

1. Kagua mambo madogo kwanza.
Fungua tangi utazame ndani kwa tochi. Usiiamini geji, nyingi hudanganya. Kagua swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani kama ipo, na uhakikishe stendi ya pembeni imekunjwa, maana skuta nyingi hukata umeme ikiwa imeshuka.

Sasa shika breki. Skuta hizi hazizungushi stata mpaka breki ishikwe. Ukiwa umeishika, geuka utazame taa ya nyuma. Taa ya breki isipowaka, huenda swichi ya breki imekufa, na ndiyo maana stata imenyamaza. Jaribu breki ya mkono wa pili. Ikiwa kwa breki hiyo taa inawaka na stata inazunguka, umeshapata ugonjwa na hujafungua kitu.

2. Bonyeza stata usikilize.
Usibonyeze zaidi ya sekunde tano, kisha pumzisha nusu dakika. Stata ya skuta ni ndogo, ukiing'ang'ania inaungua. Utakutana na moja ya hali hizi:

- *Kimya kabisa, na taa hazina nguvu au haziwaki.* Betri au fyuzi. Nenda hatua ya 3.
- *Kimya, lakini taa zinawaka vizuri.* Rudia breki na stendi. Zikiwa sawa, kagua kitufe chenyewe na rilei ya stata, yaani swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye stata.
- *Ta-ta-ta-ta ya haraka.* Rilei inashika na kuachia kwa sababu betri haina nguvu. Hatua ya 3.
- *"Tak" moja, kisha basi.* Waya wa betri umelegea, betri imechoka, au stata imekwama.
- *Injini inazunguka vizuri ila haishiki.* Betri na stata hazina kosa. Ruka moja kwa moja hatua ya 4.

Hapa ndipo muda mwingi unapookolewa. Mtu anayesema "haiwaki" bila kusema ni ipi kati ya hizi hawezi kusaidiwa, hata na fundi bingwa.

3. Betri na fyuzi.
Skuta ikiwa imezimwa, pima betri kwa mita. Iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.0 kushuka chini, imeisha. Kisha mtu abonyeze stata huku wewe unatazama mita: ikianguka chini ya volti 9.5 hivi, betri haiwezi kazi hata kama ikitulia inasoma vizuri.

Tazama vichwa vyake. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa ni jambo la kawaida. Ondoa waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Sugua kwa brashi na maji yaliyokorogwa magadi kidogo, suuza, kausha, paka vazelini. Wakati wa kurudisha anza na chanya. Ukianza kinyume, spana ikigusa bodi utaona cheche kubwa.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka ya ampia zilezile. *Usiweke waya wala karatasi ya sigara.* Fyuzi imekatika kwa sababu, na ukiziba njia hiyo waya zitaungua chini ya plastiki usikoona. Ikikatika tena papo hapo, tafuta waya uliochunika. Panya wanazipenda sana, hasa skuta ikikaa muda bila kutumika.

Kushtua kwa betri ya gari kunawezekana, zote zikiwa za volti 12, *gari likiwa limezimwa.* Chanya kwa chanya, kisha waya wa hasi kutoka kwenye betri ya gari uushikishe kwenye chuma cha injini ya skuta.

Skuta nyingi za Kichina hutoa moto wa plagi hata betri ikiwa imekufa, kwa hiyo piga kiki. Ikiwaka kwa kiki na stata haifanyi kitu, mafuta, plagi na kompresheni ni vizima. Shughulikia betri peke yake.

*Kosa kubwa hapa:* kuisukuma. Skuta ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu klachi yake hushika pale tu injini inapozunguka kwa kasi. Gurudumu haliwezi kuizungusha injini. Utatoka jasho bure na unaweza kuangukia barabarani.

4. Toa plagi uisome.
Injini iwe imepoa. Fungua kifuniko kidogo kilicho chini ya kiti au karibu na pa kuwekea miguu. Puliza mchanga uliozunguka plagi kabla ya kuifungua, usije ukaingia ndani ya silinda. Vuta kofia ya plagi yenyewe, usivute waya wake.

Plagi inasema mengi:

- *Imelowa, inanuka petroli:* mafuta yanafika lakini hayawaki. Ama hakuna moto, ama injini imejaa mafuta.
- *Kavu kabisa baada ya kuzungusha sana:* mafuta hayafiki. Pima moto haraka, kisha nenda hatua ya 6.
- *Nyeusi yenye masizi makavu:* mafuta mengi kuliko hewa. Kumbuka chujio la hewa na choki, ile inayoongeza mafuta injini ikiwa baridi.
- *Imejaa oili nyeusi ya kuteleza:* ringi za pistoni au sili za valvu. Isafishe, lakini tatizo litarudi.
- *Kahawia hafifu:* nzima.

Ikiwa imelowa, ifute na uikaushe, kisha zungusha injini mara chache huku plagi ikiwa nje na tundu limefunikwa kwa kitambaa, ili petroli iliyojaa itoke. Kofia ya plagi ibaki na plagi ndani yake, bodi ya plagi ikigusa chuma cha injini mbali na tundu. Rudisha plagi, vuta mkono wa mafuta wote, piga stata. Skuta nyingi zilizokataa baada ya kupigwa stata ovyo huwaka hapa.

5. Pima moto.
Chomeka plagi kwenye kofia yake, ishike kwa plaizi yenye mikono ya plastiki, gusisha bodi ya plagi kwenye chuma cha injini kisicho na rangi. Iwe mbali na tundu la plagi, na tundu lifunikwe, maana mvuke wa petroli unatoka humo. Mtu apige stata. Fanya kivulini ili uone vizuri.

Cheche ya bluu yenye mlio ni nzuri. Ya njano, nyembamba au ya kukatikakatika ni dhaifu. Usiishike kwa mkono mtupu, volti zake ni maelfu. Na usizungushe injini kofia ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma, CDI, yaani kisanduku kinachoongoza moto wa plagi, inaweza kufa kwa hilo.

Hakuna moto? Jaribu plagi mpya kabla ya kitu kingine chochote. Bado hakuna: chomoa kofia kwenye waya (nyingi hufunguka kwa kuzungushwa), kata nusu sentimita ya waya uliooza, uirudishe. Unyevu na kutu ndani ya kofia hii ndio chanzo cha kesi nyingi za masika. Bado: kagua soketi za koili (inayokuza volti za plagi) na CDI, zichomoe, zisafishe, zirudishe mpaka zishike. Ikishindikana hapo, CDI, koili au koili ya magneti imekufa. Usinunue hizo kwa kubahatisha. Azima nzima kutoka skuta ya aina ileile ujaribu kwanza.

Plagi mpya iwe na pengo la milimita 0.6 hadi 0.7. Izungushe kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo utumie spana: karibu nusu duara kwa mpya, kidogo tu kwa iliyokuwa imetumika. Kichwa cha injini ni cha alumini, na uzi wake ukiharibika gharama inakuwa nyingine kabisa.

6. Hakikisha mafuta yanafika.
Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uingize ndani ya chupa. Mafuta hayatoki? Usishtuke. Kwenye skuta hizi nyingi koki ya mafuta hufunguliwa na mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo ni kawaida yasitoke injini ikiwa imesimama. Mtu azungushe stata. Yatoke ya kutosha, si matone.

Yasipotoka, fungua kifuniko cha tangi ujaribu tena. Yakitoka sasa, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Mara nyingine nyigu wa udongo ndio wamejenga humo. Bado? Tafuta mpira mwembamba unaotoka kwenye koki kwenda upande wa injini. Ukiwa umepasuka au umechomoka, koki haifunguki. Uvute hewa yake taratibu kwa bomba la sindano: mafuta yakitoka, koki ni nzima na mpira ndio mbovu. Ukiona petroli ndani ya mpira huo mwembamba, ngozi ya ndani ya koki imechanika na petroli inaingia kwenye injini kwa njia isiyo yake. Badilisha koki.

*Tafadhali usinyonye petroli kwa mdomo.* Najua kila mtu amewahi kumwona mtu akifanya. Kidogo tu kikiingia kwenye mapafu kinaweza kumlaza mtu hospitali, na watoto wakituona wanaiga.

Kisha tazama chupa. Iache itulie dakika chache. Maji huzama chini na kuonekana kama tone linalotembea ukiinamisha chupa. Ukiyaona, mwaga mafuta yote ya tangi kwenye chombo salama, na legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta yatoke na ya humo. Hii hutokea sana kwa mafuta ya chupa ya barabarani na kwa tangi lililolala mvuani kifuniko kikiwa na kutu.

Mwenye skuta ya injekta: washa swichi usikilize. Pampu inatakiwa ivume kama sekunde mbili, kisha inyamaze. Ikikosa kuvuma, anza na fyuzi na betri. Usifungue mpira wa mafuta, una presha.

7. Chujio la hewa.
Lifungue. Likiwa limelowa maji au oili, au limejaa vumbi, jaribu kuwasha mara moja bila hilo. Ikiwaka, safisha au badilisha. Usiendeshe bila chujio, vumbi la barabara zetu litakula silinda.

8. Kompresheni na tapeti.
Mafundi wengi huruka hatua hii, na kwa GY6 iliyotembea sana ndiyo ningeipa uzito. Toa plagi, kofia uiweke na plagi ikigusa chuma kama hatua ya 5, bana tundu kwa kidole gumba na mtu azungushe stata. Hewa inatakiwa iking'oe kidole chako kwa nguvu. Ukiweza kuizuia kirahisi, au kiki inashuka laini bila kukaza, kompresheni ni ndogo.

Usikimbilie kusema ringi. Valvu hukaa chini zaidi kwenye kiti chake kadiri zinavyolika, nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, inapungua mpaka inakwisha, na valvu haifungi sawasawa. Dalili zake: asubuhi inasumbua kuwaka, silensa (mzunguko wa injini usipovuta mafuta) haishiki, siku kwa siku inazidi, na plagi mpya haisaidii. Nafasi ya kawaida ni kama milimita 0.10 injini ikiwa baridi kabisa. Thibitisha kwenye kitabu cha skuta yako. Kama hujawahi kurekebisha tapeti, mpe fundi, lakini *mwambie apime kwa fila*, yaani bamba jembamba la kupimia nafasi, si kwa kutikisa kwa mkono.

9. Sasa kabureta.
Ikiwa moto upo, mafuta yanafika kwenye mpira, na kompresheni ni nzuri, ndipo uifungue. Jaribu hili kwanza: nusu kijiko cha chai cha petroli kupitia tundu la plagi, rudisha plagi na kofia, futa kilichomwagika, washa. Ikishika sekunde mbili tatu na kuzima, basi kweli kabureta haipeleki mafuta.

Mara nyingi kilichoziba ni jeti ndogo ya silensa, tundu lake jembamba kama unywele. Isafishe kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma wala sindano, utapanua tundu na skuta itakunywa mafuta milele. Kabla ya kufungua skrubu ya hewa, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko, uiandike, ndipo uitoe. Piga picha kila mpira kabla ya kuuchomoa.

Kwa mwenye Vespa ya gia

Vespa ya mipigo miwili, kama PX, ina tabia zake. Hii unaweza kuisukuma kwa gia ya pili. Ina koki ya mkono yenye sehemu ya akiba. Hakikisha hukuiacha imefungwa. Mchanganyiko wa asilimia 2 ni mililita 20 za oili maalumu kwa kila lita ya petroli, si oili ya gari, wala si "kukadiria kwa macho". Ukizidisha, plagi inajaa masizi na inakataa kuwaka. Tembea na plagi ya akiba na spana yake kila siku. Ikijaa mafuta, funga koki, vuta mkono wa mafuta wote, piga kiki mpaka ishike, ndipo ufungue koki.

Dalili na pa kuanzia

*Asubuhi inasumbua, mchana inawaka vizuri.* Tapeti, au choki ya otomatiki. Kagua waya mbili zinazoingia kwenye choki, pembeni ya kabureta.

*Ikipata moto inazima, ikipoa inawaka.* Fungua kifuniko cha tangi mara tu inapozima. Kama si hicho, pima moto wa plagi papo hapo kabla haijapoa. Koili inayokufa ikipata joto ukiingoja ipoe hutaikamata. Tapeti zilizobana nazo hufanya hivi.

*Imenyeshewa au imeoshwa.* Kausha kofia ya plagi, soketi na swichi za breki. Usielekeze maji ya presha chini ya kiti.

*Imekaa miezi.* Mwaga mafuta ya zamani ya tangi na kikombe cha kabureta, weka mapya, chaji betri. Jeti ndogo huenda imeziba.

*Inawaka, inazima ukivuta mafuta.* Mpira kati ya kabureta na injini umepasuka, au mafuta hayaji ya kutosha.

*Betri mpya, kesho imeisha tena.* Washa injini, pima betri ukivuta mafuta kidogo: inatakiwa isome volti 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ni rektifaya (inayogeuza umeme wa kuchaji) au magneti (inayouzalisha), si betri.

*Ilizimikia kwenye maji ya mafuriko.* *Usipige stata wala kiki.* Maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, na chuma cha ndani kinaweza kupinda. Toa plagi, kagua kisanduku cha chujio la hewa, tazama oili. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yamo ndani: mwaga, weka mpya, washa muda mfupi, mwaga tena.

Ukiamua kuipeleka gereji, mweleze fundi hivi: injini inazunguka au haizunguki, plagi ilitoka imelowa au kavu, cheche ilikuwa ya rangi gani, mafuta yalitoka kwenye mpira au la, betri ilisoma volti ngapi. Na umwombe akurudishie kifaa chochote cha zamani atakachokibadilisha.